Goti la Mbwa si Jambo Dogo

Leo siasa tunaipumzisha, na bei ya sukari nayo itatusubiri hadi wiki ijayo. Nataka nizungumze nanyi juu ya goti, tena goti la mbwa. Najua wapo watakaocheka, na wapo watakaonyoosha mkono kuzima redio. Nawaomba wasizime. Katika mji wetu huu, karibu kila penye geti lililoandikwa "Mbwa Mkali" pana mnyama anayekesha ili sisi tulale, na mshahara wake ni ugali na dagaa. Siku mnyama huyo akiumia mguu, wengi wetu hatujui la kufanya. Mimi mwenyewe sikujua, na aliyelipia ujinga wangu ni mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Popi. Baba yake ni mbwa wa polisi, yule wa Kijerumani, na mama yake ni mbwa wetu wa kienyeji. Wakati wa mkasa huu alikuwa na umri wa miezi minane na uzito wa kilo 22. Mbele ya nyumba yetu vijana walikuwa wamechimba mtaro wa kupitisha bomba la maji, wakaondoka bila kuufukia. Jioni moja Popi alitoka mbio kumlaki mwanangu aliyekuwa anarudi shule. Mguu wake wa nyuma wa kushoto ukatumbukia mtaroni, na mwili ukaendelea mbele kwa kasi ile ile. Alilia kilio kimoja tu, kikali, akanyamaza. Akarudi uani kwa miguu mitatu, ule wa nne ameukunja tumboni.

Mlinzi wetu akaniambia, "Mzee, mbwa hapelekwi hospitali. Atajilamba, atapona." Niliyaona maneno hayo yana hekima kubwa, maana hayakuwa na gharama yoyote.

Hata hivyo nilimhurumia. Ndani ya kabati nilikuwa na vidonge vya diklofenaki ambavyo humeza mgongo unaponisumbua. Nikakata nusu kidonge, nikakificha ndani ya kipande cha nyama, nikampa usiku na asubuhi. Siku ya pili akatapika. Siku ya tatu akapata choo cheusi kama lami. Mke wangu ndiye aliyekiona. Akaniita, akanionyesha, akaniuliza, "Baba watoto, huyu mbwa unamtibu au unamuua?"

Ndugu wasikilizaji, choo cheusi namna ile ni damu iliyopita tumboni ikameng'enywa njiani. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba dawa zetu za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kwa kiasi ambacho kwetu sisi ni kidogo. Mwili wa mbwa hauzitoi dawa hizo kama unavyozitoa mwili wa binadamu. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na hata hizo hupimwa kwa kilo za mnyama na kuandikwa na daktari. Popi aliponea chupuchupu.

Nilipoacha vidonge nikaona niende kwa mtaalamu. Nikampeleka kwenye duka moja la dawa za mifugo. Kijana aliyekuwa pale hakumgusa goti, hakuniuliza swali hata moja. Alimdunga sindano, akapokea pesa, akasema, "Kesho atakimbia." Na kweli, kesho yake Popi alikimbia! Nikamsifu yule kijana mtaa mzima. Siku mbili zikapita, sindano ikaisha nguvu, na mbwa akarudi kwenye miguu mitatu, safari hii goti limevimba kuliko mwanzo.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Maumivu yakiondoka tunadhani na ugonjwa umeondoka. La hasha! Maumivu yalikuwa yakimwambia mbwa asiukanyage mguu ule. Sisi tukamnyamazisha mlinzi huyo kwa sindano, mbwa akaukanyaga, akaruka, akakimbiza kuku, na kile kilichokuwa kimeumia ndani kikazidi kuumia.

Wiki tano zikapita hivyo. Paja la kushoto likakonda, ukilishika unahisi mfupa. Rafiki yangu mmoja akanishauri nimwite mtu amchome Popi ile sindano ya kulala moja kwa moja. "Mbwa kilema utamlisha wa nini?" akaniuliza. Nami, nakiri mbele yenu, nilikuwa nimeanza kukubali.

Kilichomwokoa Popi ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ulikuwa umefika muda wake, na aliyekuja nyumbani kumchanja alikuwa daktari wa mifugo, binti wa makamo ya mwanangu wa kwanza, aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Alinisalimu, "Shikamoo mzee," na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshautazama mguu.

"Huyu anachechemea tangu lini?"

Nikamweleza yote, vidonge na sindano. Hakunigombeza. Aliinamisha kichwa tu, na ukimya wake ulinichoma kuliko matusi. Kisha akaomba mkeka, akasema, "Mzee, mpira unatazama?"

"Natazama sana."

"Basi goti hili unalijua."

Naam, nalijua. Nani asiyekumbuka jinsi Alan Shearer wa Blackburn Rovers alivyoumia goti Desemba 1992, akakaa nje msimu wote uliobaki? Alipasuliwa, akafanya mazoezi kwa subira, na msimu wa 1994/95 akafunga mabao 34 na timu yake ikatwaa ubingwa wa Uingereza. Kile ambacho watangazaji wa mpira wanakiita ligamenti, sisi kwa lugha yetu tunakiita kano. Na mbwa anayo kano ile ile.

Daktari alinieleza hivi. Ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, zipo kano mbili zilizopishana kama herufi X. Ile ya mbele ndiyo inayoumia mara nyingi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na kulizuia goti lisijisokote wala kunyooka kupita kiasi. Sasa, sisi tukisimama, mifupa yetu ya mguu imepangana kama nguzo. Mbwa husimama magoti yake yakiwa yamekunjwa wakati wote. Tena sehemu ya juu ya muundi wake haikulala kama meza. Imeinama kuelekea nyuma, kwa wastani wa nyuzi 25 hivi. Kwa hiyo kila anapokanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kwenye mteremko huo. Ni sawa na gari lililoegeshwa mlimani, na kano ile ndiyo breki ya mkono. Ikikatika, gari linasogea kila hatua. Na kati ya mifupa hiyo vimo vipande viwili vya gegedu, vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo ni mito ya goti. Mifupa ikitelezateleza, mito hiyo huminywa, hasa ule wa upande wa ndani, mwishowe ikachanika. Ndiyo maana mbwa anayeachwa hivyo hivyo hupata ugonjwa wa baridi yabisi ya goti angali kijana.

Baada ya maelezo hayo alianza kumpima, nami nilitazama kwa makini kwa sababu nilitaka kuona tofauti yake na yule kijana wa sindano.

Kwanza hakumgusa kabisa. Alimwacha atembee uani, kisha akae. Mbwa mwenye magoti mazima hukaa ameikunja miguu yote miwili sawasawa chini ya mwili. Popi aliutupa ule wa kushoto pembeni, kama mtu anayekaa mkekani akiwa na jipu. Pili, alichukua utepe wa fundi cherehani, akapima mzunguko wa mapaja yote mawili. Tatu, alisimama nyuma yake akapapasa magoti yote kwa pamoja, moja kwa kila mkono. Kwenye goti zima unaihisi kano inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti, ile ambayo wazee wanaiita kilegesambwa, imekaza kama uzi wa gitaa. Kwenye goti lililojaa maji uzi huo unapotea ndani ya uvimbe.

Nne, alimfunga mdomo kwa kitambaa, maana mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake, akamlaza ubavu. Mkono mmoja aliukamata mwisho wa mfupa wa paja, mkono wa pili kichwa cha muundi, akajaribu kuusukuma muundi kwenda mbele, kama mtu anayevuta mtoto wa meza. Muundi ukasogea. Hata mimi niliuona.

Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Akalala chini upande wa pili na kufanya vile vile kwenye goti zima. Nikamuuliza kwa nini anapoteza muda na mguu usiougua. Jibu lake ndilo ninalotaka wenye mbwa wadogo walikumbuke. Alisema kwamba mbwa anayekua ana viungo vyenye kulegea kidogo, hivyo hata goti zima linaweza kusogea kiasi. Tofauti ni mwisho wake. Goti zima husogea kidogo kisha linagota ghafla, kama mlango unaofika kwenye komeo. Goti lenye kano iliyokatika husogea na kuishia kwenye ulaini, halina komeo. Asiyelinganisha magoti mawili anaweza kumtangaza mgonjwa mbwa mzima, au kumtangaza mzima mbwa mgonjwa.

Akaongeza kipimo kingine, ambacho madaktari wawili wa Marekani, Henderson na Milton, walikieleza mwaka 1978. Aliweka kidole mbele ya muundi huku mkono wa pili ukikunja kifundo cha mguu, kama vile mbwa anakanyaga. Kidole kikasukumwa mbele. Breki haikuwepo.

Hata hivyo hakutoa hukumu pale mkekani. Alisema mbwa mdogo anayechechemea ana magonjwa mengi ya kufikiriwa. Nyonga inaweza kuwa haikukaa vizuri katika tundu lake. Kwa mbwa wadogo wa umbo, pia ya goti inaweza kuwa inahama mahali pake. Mifupa mirefu ya mbwa wakubwa wanaokua huweza kuuma yenyewe, na maumivu yakahama leo mguu huu kesho ule. Homa za kupe nazo hushambulia viungo. Na wapo watoto wa mbwa wanaolishwa nyama tupu au ugali mtupu, mifupa ikakosa madini na kupinda. Kwa hiyo sindano moja kwa kila mbwa anayechechemea ni sawa na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kupima damu.

Siku mbili baadaye tulimpeleka Popi kliniki. Huko alipewa dawa ya usingizi, kwa sababu mbwa aliye macho hukaza misuli na kuficha ulegevu wa goti. Alipolala, goti lilipimwa tena na likasogea zaidi. Kisha ikapigwa picha ya eksirei. Kano yenyewe haionekani katika picha hiyo. Kinachoonekana ni maji yaliyolijaza goti, hali ya mifupa, na jambo moja ambalo daktari alikuwa analitafuta. Aliiweka picha kwenye mwanga, akanionyesha kwa ncha ya kalamu kipande kidogo cha mfupa, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, kinaelea mahali pasipo pake.

"Mzee, umewahi kupigilia msumari kwenye plasta mbichi, ukafunga kamba ya kuanikia nguo?"

"Nimewahi."

"Ukiivuta kwa nguvu kamba haikatiki. Msumari unatoka na plasta yake."

Hiyo ndiyo tofauti ya mbwa mdogo na mbwa mzima. Kwa mbwa mzima kano huchakaa polepole, nyuzi moja moja, hadi siku inakatika, wakati mwingine akiwa anashuka ngazi tu. Kwa mbwa anayekua, kano ni imara kuliko mfupa iliposhikizwa. Akipata mtikisiko mkubwa, kano inang'oa kipande cha mfupa. Na jeraha la namna hiyo likigunduliwa mapema, kile kipande hurudishwa mahali pake kikashikizwa kwa skrubu ndogo au waya, kikaunga, na mbwa akabaki na kano aliyozaliwa nayo.

Nikamwambia daktari, kwa furaha, basi tukirudishe. Akaitazama picha kwa muda. "Ungeniletea wiki ile ile, mzee, ningejaribu. Sasa kano imenywea na kipande kimelika kingo. Hakitashika."

Ndugu wasikilizaji, sentensi hiyo fupi nimeibeba mpaka leo. Wiki tano za vidonge, sindano na maneno ya "atajilamba atapona" ndizo zilizoondoa tiba iliyo bora. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa naupaka ufa chokaa.

Tiba zilizobaki zilikuwa zipi? Nitazieleza kwa ufupi, kwa sababu anayezijua hawezi kudanganywa.

Ya kwanza ni mapumziko bila upasuaji. Mwaka 1984 Philip Vasseur wa Marekani alichapisha matokeo ya mbwa 85 waliokatika kano hii na ambao hawakupasuliwa. Wenye kilo 15 au pungufu walikuwa 28, na kati yao 24 walipona au walipata nafuu nzuri. Wenye zaidi ya kilo 15 walikuwa 57, na waliofaidika ni 11 tu. Kwa hiyo mwenye mbwa mdogo wa umbo anaweza kumfungia mahali padogo kwa wiki sita hadi nane, akamtoa kwa kamba kwa haja tu, akampunguza uzito, na akatumaini mema. Mwenye mbwa mkubwa asijidanganye kwa mfano wa mbwa wa jirani mwenye kilo saba.

Ya pili ni upasuaji, na huo una historia ndefu. Mwaka 1952 huko Helsinki, Saki Paatsama wa Finland aliandika tasnifu akieleza jinsi ya kutengeneza kano mpya kwa ukanda unaokatwa kwenye utando wa paja la mbwa mwenyewe. Baadaye wakaja waliotumia uzi imara wa nailoni, unaopitishwa nje ya goti kutoka nyuma ya mfupa wa paja hadi mbele ya muundi, ushike kazi ya kano wakati mwili unajenga makovu yake. Mwaka 1993 Barclay Slocum wa Oregon, Marekani, alichapisha njia nyingine kabisa. Yeye aliacha kuhangaika na breki, akaurekebisha mlima wenyewe. Hukata kichwa cha muundi kwa msumeno wa duara, hukizungusha mpaka mteremko upungue, kisha hukifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kwa mbwa wakubwa njia hiyo imepata sifa nyingi.

Lakini kwa mbwa anayekua lazima uangalifu uwepo. Karibu na goti pana tabaka laini ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Ukilikata au kulibana ovyo, mguu unaweza kukua umepinda. Ndiyo maana njia za kukata mfupa kwa kawaida husubiri ukuaji uishe. Na kwa mtoto wa mbwa mwenye miezi michache tu, wapo wapasuaji wanaoutumia ukuaji huo huo: huweka skrubu moja upande wa mbele wa tabaka lile, upande wa nyuma unaendelea kukua, na mteremko unapungua wenyewe mwezi hadi mwezi. Hapo ndipo utaona kwamba umri wa mbwa ni swali la kwanza ambalo daktari lazima akuulize. Asiyekuuliza umri, muogope.

Kwa Popi iliamuliwa nailoni. Nikauza simu yangu nzuri nikabaki na ya tochi, na jirani yetu mmoja, mzee wa msikitini ambaye kwa desturi yake hamgusi mbwa, akatupa gari lake dogo la mizigo na dereva. Aliniambia, "Mimi simshiki, lakini maumivu nayaona." Goti lilifunguliwa, kile kipande cha mfupa kikatolewa, mto mmoja wa gegedu ukakutwa umechanika ukingoni ukapunguzwa, kisha uzi ukafungwa.

Nyuzi za ngozi zilitolewa baada ya siku 12. Lakini ole wake anayedhani kazi imeisha hapo! Upasuaji ulikuwa wa saa mbili, uuguzi ulikuwa wa miezi mitatu. Wiki mbili za kwanza alikuwa bandani, akitoka kwa kamba fupi kujisaidia tu. Kisha matembezi ya dakika tano, asubuhi na jioni, nayo yakiongezwa kidogo kila wiki. Hakuna kuruka, hakuna ngazi, hakuna kucheza na mbwa wa jirani. Kila siku mwanangu alilikunja na kulinyoosha goti taratibu kama alivyofundishwa. Chakula nacho kilipimwa, kwa sababu kila kilo ya ziada ni mzigo juu ya uzi ule. Mlinzi wetu, yule yule wa "atajilamba", ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote. Alilala nje ya banda.

Sasa, mtu ataniuliza: na asiye na pesa za upasuaji? Swali hilo ni la haki, na wengi wetu tuko hapo. Jibu nililopewa ni kwamba kukosa upasuaji si kukosa tiba. Mpumzishe mbwa kwa wiki hizo sita au nane kwa ukweli, si kwa maneno. Mpunguze uzito. Mtandikie sakafu inayoteleza. Mpe dawa ya maumivu ya mbwa kwa maagizo ya daktari. Goti litajenga makovu, litakakamaa, na mbwa mkubwa atachechemea. Lakini mbwa anayechechemea bila mateso ana haki ya kuishi, na akibweka wezi hawajui kwamba ni kilema. Sindano ya kulala ni kwa ajili ya maumivu yasiyozuilika, haikuwekwa kwa ajili ya uvivu wa mwenye mbwa.

Nikiyakusanya yote, mbwa wako mdogo akitoka mbio akarudi kwa miguu mitatu, fanya haya. Mfungie mahali padogo saa hiyo hiyo. Mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hivi, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili za mwanzo. Usimfunge vijiti mguuni, kwa maana banzi linaloishia chini ya goti huwa uzito unaoning'inia na kulivuta goti zaidi. Usimpe kidonge chochote cha kabati lako. Na ndani ya siku mbili tatu mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Ukifika, tazama mikono yake. Akilishika goti bovu na goti zima, akayalinganisha, umefika mahali pake. Akishika bomba la sindano kwanza, mshukuru uondoke.

Na ukishatibu goti moja, usilisahau la pili. Madaktari wanasema kwamba mbwa wengi waliochakaa kano ya mguu mmoja, wanaokaribia nusu yao, huja kuumia wa pili katika miaka inayofuata. Popi aliumia kwa ajali, si kwa kuchakaa, lakini mguu wa kulia ndio uliobeba mwili wake wiki zile zote. Kwa hiyo namwangalia anavyokaa kila jioni. Bado anaikunja yote miwili vizuri.

Popi sasa ana miaka mitatu. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba huanza siku akiwa mgumu, hatua kumi za kwanza ni za mzee, kisha anasahau na kukimbilia getini. Watu wanamsifu kwamba amepona. Nami nashukuru, lakini mimi peke yangu ninajua kwamba angepona zaidi ya hapa. Kila ninapoziona hatua zile kumi, ninahesabu wiki zangu tano.

Ule mtaro wa mbele ya nyumba niliufukia mwenyewe kwa jembe, siku ile ile tuliyotoka kliniki. Kama mtaani kwako upo, anza na huo.